Na Mjomba hadi St Andrews

Mji wa St Andrews hauna stesheni ya treni. Reli yake ilifungwa mwaka 1969, na tangu hapo kila anayekuja kwa treni huteremka Leuchars, kituo kidogo kilichozungukwa na mashamba, kisha akapanda basi kumalizia safari. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi huangalia ramani ya simu, wakaona mji uko jirani na Dundee, wakadhani watashushwa mlangoni. Siku za mashindano makubwa, foleni ya basi pale Leuchars ndiyo huamua utamwona nani akicheza na nani utamkosa. Sisi tulidamka, tukavuka Mto Tay kwa treni ya mapema, na wachezaji wa kwanza walipoanza kupiga tulikuwa tumeshapita langoni, tumeshapekuliwa mifuko, na chai iko mkononi.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 15 Julai 2022, siku ya pili ya The Open, mashindano ya gofu yaliyoanza mwaka 1860 kule Prestwick na ambayo mwaka ule yalikuwa yanafanyika kwa mara ya 150. Tiketi niliziomba mwaka mmoja kabla. Haziuzwi dirishani kama za mpira wa miguu. Unaandikisha jina lako, kisha bahati nasibu inaamua. Maombi yalipita milioni moja, na walioingia uwanjani wiki ile walikuwa watu 290,000, umati ambao The Open haikuwahi kuuona. Nilipopata tiketi mbili, sikuhitaji kufikiri ya pili ni ya nani. Mjomba alikuwa anakuja Dundee kututembelea.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kedi. Alianza kijana mdogo kubeba fimbo za wachezaji katika klabu moja ya Mombasa iliyo kando ya bahari, na aliibeba mifuko yao miaka mingi. Gofu nilifundishwa na yeye, kwa kijiti, akichora mchangani: huku unaanzia, kule kuna bendera na shimo lake, mashimo ni 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Majina ya mabingwa aliyajua kwa redio na magazeti ya kuokota. Aliyempenda kupita wote ni Seve Ballesteros, Mhispania aliyeanza naye kwa kubeba fimbo kijijini kwao Pedreña. Seve alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka 1984 akashinda The Open hapahapa St Andrews. Kwa mjomba mambo hayo mawili yalikuwa habari moja: mtu aliyepita kwetu akafika kule.

Tulisimama nyuma ya shimo la kwanza. Mbele yetu lilikuwapo lile jumba la mawe linaloonekana katika kila picha ya St Andrews, lililojengwa mwaka 1854. Mjomba alilitazama sana, halafu akaniuliza, "Hao wenye jumba ndio wenye uwanja?"

"Hapana, mjomba. Jumba ni la klabu. Uwanja ni wa mji."

"Wa mji kivipi?"

Nikamweleza ninavyojua. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia sahihi hati iliyompa ruhusa ya kufuga sungura kwenye nyasi hizi za ufukweni, na hati hiyohiyo ikathibitisha haki ya wenyeji kucheza gofu hapo, kupiga mpira na kulenga shabaha. Mwishoni mwa karne ya 18 mji ulifilisika, ardhi ikatoka mikononi mwake, na wafuga sungura wakagombana na wacheza gofu miaka na miaka, maana sungura walikuwa wanautoboatoboa uwanja. Mwaka 1821 mwenye ardhi wa jirani, James Cheape, ambaye mwenyewe alipenda gofu, aliinunua ili kuinusuru. Mwaka 1894 ikarudi kwa mji kwa sheria ya bunge. Tangu 1974 inasimamiwa na wakfu uliowekwa kwa sheria nyingine ya bunge, na wakfu huo una viwanja saba, huu Old Course ukiwa ndio mkongwe. Mwenyeji hulipa ada ya mwaka na kucheza. Mgeni naye anaweza kucheza: huingiza jina katika kura ya kila siku, na jina likitoka analipa, anapiga. Haulizwi baba yake ni nani. Na Jumapili uwanja unafungwa kwa gofu, watu wa mji wanatembea juu yake na watoto na mbwa wao.

Mjomba alinyamaza kidogo. "Sisi tulikuwa na siku moja katika wiki," akasema. "Klabu ikifungwa, kedi anaruhusiwa kucheza. Siku nyingine zote hata kivuli cha baraza kilikuwa si chetu."

Hayo aliyasema bila hasira, lakini mimi yaliniuma, na siku nzima ile niliutazama uwanja kwa jicho hilo. Ardhi ni ileile ya mchanga na nyasi ngumu. Kinachobadilika ni nani ameruhusiwa kuikanyaga.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo mtazamaji wa mara ya kwanza analihitaji zaidi, nalo ni wapi pa kusimama. Old Course ni bapa. Hakuna vilima vya kupanda ukaona mbali, na uwanja wenyewe ni ukanda mwembamba unaokwenda mbali na mji, ukajikunja kule mwisho karibu na mdomo wa mto Eden, kisha ukarudi. Wanaokwenda na wanaorudi wanacheza bega kwa bega, na watazamaji huwekwa nje ya kamba, pembeni. Matokeo yake, mchezaji anaweza kuwa katikati kabisa, mita 100 na zaidi kutoka kwako, na mpira wake usiuone. Ukiamua kumfuata nyota mmoja kutoka shimo la kwanza hadi la 18, utatembea kilomita nyingi ukitazama visogo vya wenzako. Nilikuwa nimepanga hivyo hasa, tumfuate Tiger Woods. Mjomba akakataa.

"Kedi hakimbilii mchezaji," akasema. "Anajua mpira utaangukia wapi, anatangulia kusubiri."

Basi tukatangulia. Tulitembea hadi kule mwisho, ambako mashimo ya 7 na 11 yanakatana na wachezaji wa kwenda wanapishana na wa kurudi. Kule kuna majukwaa, na tiketi ya kawaida inakuruhusu kukaa bila malipo ya ziada. Anayewahi ndiye anayepata. Kwenye kiti kimoja unawaona wachezaji wa makundi mengi kwa saa moja. Huko pia ndiko mtu anaielewa ajabu ya uwanja huu. Zile sehemu za nyasi zilizonyolewa ambamo shimo limo, zinazoitwa grini, hapa nyingi zinatumiwa na mashimo mawili kwa pamoja. Ziko saba za namna hiyo, na ukijumlisha namba za mashimo yanayoshirikiana unapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, la 7 na la 11, hivyohivyo hadi la 8 na la 10. Mashimo ya 1, 9, 17 na 18 pekee ndiyo yenye grini zao wenyewe. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuufikisha mpira kwenye grini na bado akawa mbali na shimo lake kwa hatua nyingi mno.

Pale kwenye la 11 nilimwona mjomba akirudia kazi yake ya zamani. Shimo ni fupi, mchezaji hupiga mkwaju mmoja kufika, lakini mbele yake kuna banka, yaani mtego wa mchanga, liitwalo Strath, na upepo hutoka upande wa mto. Mabanka ya St Andrews si zile sahani za mchanga tunazoziona kwenye televisheni za viwanja vya Marekani. Ni visima. Ukuta wake wa mbele umejengwa kwa matabaka ya nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine, umesimama wima, na mchezaji akiingia humo wakati mwingine unaona kofia tu. Uwanja mzima una mabanka 112. Mjomba aliliangalia Strath, akaangalia bendera, akaangalia nyasi ndefu pembeni zinavyolala. Kila mchezaji alipoinua fimbo yeye alinong'ona: "Mfupi." "Huyu atavuka." "Utarudi nyuma huo, tazama mteremko." Mzee wa Kiskoti aliyekaa mbele yetu hakujua Kiswahili, lakini baada ya muda alianza kugeuka kumtazama mjomba kabla ya kila mpira kutua, kusoma uso wake.

"Upepo huu ni kusi," mjomba akaniambia. "Ule wa kwetu wa mwezi wa sita, unaokuja na ubaridi. Anayepiga juu anaupa mpira wake."

Kiangazi kile kilikuwa kikavu. Nyasi zilikuwa zimepauka, karibu rangi ya mkate, na ardhi imekuwa ngumu kiasi kwamba mpira ukishatua uliendelea kukimbia bila kujali umetoka mkono wa nani. Hapo ndipo utakapoona mchezo unavyotofautiana na ule wa viwanja laini. Wachezaji waliweka chini fimbo za kunyanyua wakachukua ile ya kusukuma, wakausukuma mpira kutoka mita 40 na 50 nje ya grini, ukapanda tuta, ukashuka, ukapinda. Watu walikuwa wanashangilia mpira unaotambaa. Kama wewe ni mgeni wa gofu na unadhani mchezo huu ni wa kurusha mipira mbali tu, nakusihi uanze kuutazama kwenye uwanja wa aina hii.

Mchana tulirudi upande wa mji, tukasimama nyuma ya ukuta wa shimo la 17. Watu wengi hukimbilia la 18 na kulipita hili, nami naona wanakosea. Mchezaji anaanza kwa kupiga juu ya kona ya hoteli, pahali ambapo bendera haionekani kabisa. Grini yenyewe ni nyembamba na imekaa kimshazari. Mbele yake kuna banka lenye kina kirefu, nyuma yake kuna barabara ya lami na ukuta wa mawe. Mpira ukifika barabarani unachezwa kutoka hapohapo barabarani, hakuna huruma. Tulisimama pale muda mrefu. Wachezaji bora duniani walifika, wakajikusanya, na wengi walionekana kushukuru kupata mikwaju minne na kuondoka.

Tiger Woods alipita mbele yetu akielekea la 18, akitembea kwa shida kwa ule mguu uliovunjika katika ajali ya gari mwaka 2021. Kwenye uwanja huu ameshinda The Open mara mbili, mwaka 2000 na 2005. Ile ya 2000 alicheza siku zote nne bila mpira wake kuingia banka hata moja kati ya yale 112. Safari hii alikuwa nyuma mno, na ilijulikana kwamba wikiendi hatakuwapo. Alipolikanyaga daraja la Swilcan, kidaraja cha mawe kinachovuka kijito, alivua kofia. Hakusimama kupiga picha, aliendelea kutembea. Upande wa pili Rory McIlroy alikuwa ndiyo kwanza ameanza raundi yake, maana shimo la 1 na la 18 yanashiriki uwanja mmoja mpana usio na kitu katikati. Akamgusia kofia yake. Woods alifuta machozi. Kelele zilitoka kwenye majukwaa, zikatoka madirishani na kwenye roshani za nyumba za mji zinazopakana na uwanja, zikatoka kwa wafanyakazi wa vibanda vya chakula waliokuwa wameacha meza zao. Mjomba alivua kofia yake, ile ya vito aliyotoka nayo Mombasa, akaishika kifuani hadi mtu yule alipofika kwenye grini.

Jioni, kabla ya basi, tulipitia magofu ya kanisa kuu, upande wa pili wa mji. Hapo amezikwa Tom Morris mkubwa, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821, mtengeneza mipira na fimbo, mtunza uwanja, bingwa wa The Open mara nne. Alikuwa fundi, si bwana. Nilimsomea mjomba habari zake, kisha nikampa na nyingine niliyokuwa nimemwekea makusudi: The Open ilipofika St Andrews kwa mara ya kwanza, mwaka 1873, aliyeshinda alikuwa Tom Kidd, kedi wa mji huu.

"Kedi?"

"Kedi, mjomba. Mikwaju 179 kwa mashimo 36."

Alitaka nirudie jina. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, akaikunja akaiweka mfukoni pamoja na tiketi.

Jumapili tuliangalia mwisho wa mashindano nyumbani, kwenye televisheni, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa tumesimama pale Ijumaa. McIlroy na Viktor Hovland waliongoza kwa pamoja wakianza siku. Cameron Smith wa Australia alikuwa nyuma yao kwa mikwaju minne. Kuanzia shimo la 10 hadi la 14 Smith alipunguza mkwaju mmoja katika kila shimo, matano mfululizo, akawapita. Alipofika la 17 mpira wake ulisimama mahali pabaya, lile banka likiwa kati yake na bendera. Mtangazaji alianza kueleza hatari. Mjomba hakumsikiliza. "Asinyanyue," alisema, "asukume, auzungushe pembeni." Smith akachukua fimbo ya kusukuma, akaupitisha mpira ukingoni mwa banka, ukapanda kwenye grini, kisha akautia shimoni kwa mkwaju uliofuata. Alimaliza siku kwa mikwaju 64, na siku nne kwa 268, yaani 20 chini ya kiwango cha uwanja. Cameron Young wa Marekani alikuwa nyuma yake kwa mkwaju mmoja. McIlroy aliufikisha mpira kwenye kila grini kwa wakati wake, na kwenye kila grini akahitaji mikwaju miwili. Hakukosea, na hakushinda. Nilimhurumia sana. Mjomba alisema huyo atalala vizuri kuliko aliyepoteza kwa pupa, nami sikubaliani naye hata leo.

Mjomba alisharudi Mombasa, ila neno lake la siku moja katika wiki bado ninalo. Kijana anayebeba fimbo leo katika viwanja vyetu vya Kenya, Tanzania na Uganda anaijua ardhi ya uwanja kuliko wengi wa wanaoicheza, na bado hana mahali pa wazi pa kufanyia mazoezi bila kuomba hisani. Sioni kwa nini halmashauri ya mji isitenge uwanja wa mashimo machache, wenye nyasi za kawaida na ada ndogo, ukafunguliwa kwa kila anayetaka. Scotland walilifanya hilo wakiwa maskini kuliko tunavyowadhania, na bingwa wa kwanza pale St Andrews alikuwa mbeba fimbo.

Kwa anayetaka kwenda, The Open inarudi St Andrews Julai 2027. Ukiwa Uingereza au una ndugu huko, jiandikishe kwenye kura ya tiketi mara itakapofunguliwa. Kwa mashindano ya 2022 dirisha lilifunguliwa Julai ya mwaka uliotangulia. Watoto chini ya miaka 16 huingia bure wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi. Kama mfuko hauruhusu siku za mashindano, tazama siku za mazoezi, kuanzia mwanzoni mwa wiki, ambazo bei yake ni nafuu na wachezaji huonekana kwa karibu zaidi. Chukua koti la mvua hata anga likiwa jeupe, vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, zima mlio wa simu, na uwahi majukwaa ya kule mwisho kabla ya watu wa mjini kuamka. Ukikosa tiketi kabisa, nenda Jumapili yoyote isiyo ya mashindano. Teremka Leuchars, panda basi, tembea hadi daraja la Swilcan uvuke. Hakuna kiingilio, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi.